Mjadala: Saluni ziachiwe kutupaka asidi usoni?

Binti wa Donholm: Nauliza wazi. Hii pilingi ya uso, ya kupakwa asidi ili tabaka la juu la ngozi litoke na madoa ya chunusi yapungue, sasa iko hadi saluni za mtaani. Msichana aliyekusuka asubuhi, mchana anakupaka asidi. Mimi nasema iwe kazi ya daktari wa ngozi pekee. Mnaonaje?

Fundi Roysambu: Ati "msichana aliyekusuka". Huyo msichana ana cheti cha urembo, dada. Na nyinyi ndio mnaokuja Ijumaa jioni kutubembeleza kwa sababu ruracio, sherehe ya mahari, ni Jumamosi. Tukiwaambia ngozi itabambuka siku kadhaa, mnanuna.

Mzee wa Jericho: Wanawake waacheni, wamezoea. Kinachonishinda ni madume kwa kinyozi, yamelala chali yakisuguliwa mashavu kama sufuria. Mwanamume na asidi usoni wapi na wapi?

Kinyozi Kayole: Mzee, nywele zetu za kipilipili zikinyolewa karibu sana hujikunja zikarudi ndani ya ngozi. Ndiyo vile vipele vya kidevu. Asidi kidogo ya glaikoliki au salisiliki huvipunguza. Huo si urembo, mtu anawashwa!

Mzee wa Jericho: Marehemu babangu alinyolewa kwa wembe mkavu chini ya mti na hakuwa na kipele hata kimoja.

Wa Lang'ata: Alikuwa na ndevu ngapi?

Mzee wa Jericho: Kijana, heshima.

Wa Lang'ata: Shikamoo. Alikuwa na ndevu ngapi?

Nesi wa Zamu: Naomba turudi kwa saluni. Jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani lilipendekeza glaikoliki ya nyumbani isizidi asilimia 10, na ya saluni isizidi 30 mikononi mwa aliyefunzwa, tena pH, kipimo ambacho kikishuka asidi inakuwa kali zaidi, isishuke chini ya 3. TCA kali na fenoli, zinazochoma ngozi kwa kina zaidi, ni habari nyingine. Fenoli inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Julai 2024 mamlaka ya dawa ya huko huko ilionya watu wasijinunulie asidi kali mtandaoni na kujipaka wenyewe. Kwa ngozi zetu nyeusi, mahali palipoungua panaweza kubaki peusi zaidi kwa miezi, na hili jua la Nairobi linazidisha, hata Julai ya mawingu. Shida si cheti, ni kilicho ndani ya chupa.

Fundi Roysambu: "Shida si cheti." Kwa hivyo miaka yangu miwili chuoni ilikuwa mchezo?

Nesi wa Zamu: Sijasema hivyo.

Fundi Roysambu: Umeandika, iko hapo juu.

Mpwani South C: Sisi nyanya zetu walijipaka liwa, ule mti wa kunukia uliosagwa, nyuso laini mpaka uzeeni, na wala hawakumjua huyo TCA.

Wa Lang'ata: Na ndimu je? Ndimu nayo ni asidi. Ipake, uende juani, uone malengelenge.

Mpwani South C: Nani ametaja ndimu? Nimesema liwa. Watu wa bara mkisikia Pwani mnafikiria achari tu.

Mama Pipeline: Mimi nilifanyiwa kwa saluni moja mjini, siitaji. Waliniambia ni "pilingi ya matunda". Nikauliza ni asilimia ngapi, wakatazamana. Shavu la kushoto likaungua, na doa bado liko. Daktari alinipa krimu na sanskrini ya kukinga jua kila siku. Bei ya hiyo sanskrini ndiyo hamuizungumzii hapa.

Mzee wa Jericho: Pole mama. Lakini si ungeacha tu uso uliopewa na Mungu?

Mama Pipeline: Mzee, hayo meno ya bandia ulipewa na nani?

Kinyozi Kayole: 😂😂 Mzee amepatikana.

Binti wa Donholm: Ndiyo maana nasema daktari pekee.

Wa Lang'ata: Daktari wa ngozi ni wa wenye bima, Binti. Na marufuku tumeyaona. KEBS, shirika la viwango, ilikataza krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998. Shuka River Road leo uniambie kama utazikosa.

Binti wa Donholm: Mimi sina bima! Usinifanye tajiri wa Muthaiga.

Wa Lang'ata: Sijataja Muthaiga.

Mpwani South C: Umeitaja kwa sauti ya chini.

Fundi Roysambu: Mwenye shaka aje Roysambu akague chupa zangu. Kila moja imeandikwa asilimia.

Nesi wa Zamu: Na pH? Asilimia 30 yenye pH 1 si sawa na yenye pH 3.

Fundi Roysambu: Nesi, umeanza tena.