Mrejesho: yule aliyezidiwa na majukumu

Wakuu salama? Ni mimi niliyeuliza nifanyeje, kazi ya ofisini, ukatibu wa kamati ya familia, uhazina wa kikundi, kwaya, na bado kila mwenye shida ya kompyuta ananipigia mimi. Mlinishauri niandike kila jukumu, pembeni niweke nani alinipa na nini kitakwama nikiacha. Aisee hiyo ya "nani alinipa" ndo ilinifumbua macho, mengi hakuna aliyenipa, nilimshikia mtu kwa muda tu ikawa jumla 😅

Uhazina nimekabidhi ila sikuondoka ghafla, tulikaa na mwenzangu tukapitia daftari mpaka hesabu zikakubali akasaini, maana pesa za watu ukiziacha juu juu utaitwa mpaka uzeeni. Ukatibu naachia muhula ukiisha. Kwaya nimebaki, inanipumzisha, aliyesema niache vyote hapo sikubaliani naye. Za kompyuta nina jibu moja, njoo Jumamosi, na wengi ikifika wameshajitatulia wenyewe.

Bosi ndo bado, nimemuuliza kati ya hizi kazi za ofisini ipi ianze kasema zote, kwa hiyo mwenye mbinu hapo naomba.