Tupeane uzoefu: petroli iliyolala tangini mnaitoaje, na mnaipeleka wapi?

Sakina, Arusha: Wakuu, tangu mgao wa umeme upungue mwaka 2024, jenereta ya saluni yangu imekaa stoo. Leo nimefungua kifuniko nikakuta petroli imegeuka rangi ya chai na inanuka kama vanishi.

Majengo, Moshi: Umenikumbusha jioni ambayo fundi mmoja alimwaga petroli ya pikipiki kwenye beseni uani kwetu, huku jiko la muuza maandazi likiwaka upande wa pili, mbali kiasi kwamba hakuna aliyelifikiria. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ulitambaa chini hadi kwenye mkaa, na moto ukarudi beseni kabla hatujapiga kelele. Kijana akamwagia maji. Petroli ikaelea juu yake na moto ukasafiri nayo hadi mlangoni. Kilichouzima ni mchanga wa ujenzi, na fundi alilazwa akiwa amebabuka mikono.

Ngaramtoni: Pole sana. Namba ya zimamoto ni 114, tuihifadhi.

Fundi, Unga Limited: Injini ipoe kwanza. Funga koki, chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye dumu la chuma lililokaa chini nje penye upepo, kisha ufungue koki. Usinyonye kwa mdomo, kwa maana petroli ikiingia mapafuni ni hatari, na aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Safisha pia bakuli la kabureta, kwa sababu utandu unaoachwa na petroli iliyolala huziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia mafuta, hata ukiweka mafuta mapya.

Himo: Mimi humwaga chooni, na sijaona tatizo lolote.

Karanga, Moshi: Ndugu, atakayeingia humo na sigara atatoka bila kufungua mlango. Na sisi wenye visima tunywe nini?

Himo: Ni lita mbili tu, mnakuza mambo.

Usa River: Changanya kidogo kwenye tangi la gari lililojaa.

Fundi, Unga Limited: Kama bado ni angavu, sawa. Ya rangi ya chai itakuleta kwangu, jambo ambalo silikatai. Iandike dumuni, isije ikatiwa kwenye jiko la mafuta ya taa, kisha uulize NEMC, wale wa usimamizi wa mazingira, kuhusu wakusanyaji wa taka hatarishi wenye kibali.

Sakina, Arusha: Koki imeshika kutu, fundi. Nikuletee jenereta kesho?

Fundi, Unga Limited: Usiipandishe kwenye daladala ikiwa na mafuta, dada. Nitakuja mwenyewe na pampu ya mkono.