Naomba ushauri: kuwaongoza wanafunzi kukisia kanuni ya pande za pembetatu

Walimu wenzangu wa hisabati, ninafundisha Darasa la Sita na ningependa wanafunzi wagundue wenyewe ni vipimo gani vya pande tatu vinavyoweza kuunda pembetatu, kabla sijawaambia kuwa jumla ya pande mbili zozote lazima izidi upande wa tatu. Huwapa vijiti vilivyokatwa kwa sentimita. Wanajaribu 3, 4 na 6, kisha 3, 4 na 8, na tofauti wanaiona mara moja.

Ugumu uko kwenye 3, 5 na 8. Kwa kuwa vijiti vina unene na havikatwi kwa usahihi kamili, baadhi ya makundi huunda pembetatu nyembamba na kushikilia kuwa imewezekana, ilhali pande hizo hulala kwenye mstari mmoja. Je, niwaache wabishane, au niwape rula na bikari wachore?

Wapo pia wanaokisia kwamba upande mrefu hauwezi kuzidi mara mbili ya ule mfupi, kisio ambalo kwa kweli si la kijinga. Ningeweza kuwaonyesha 2, 6 na 7, lakini ningependa mfano huo wa kupinga wautafute wao. Ninyi huwauliza swali gani ili wafike hapo bila kudokezewa jibu?