Kapigwa goti la kichwa, wakamkagua bega! Mieleka ya vyuo Marekani inaachia ubongo wa vijana kwa makocha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kama uko Marekani na una kijana anacheza mieleka chuoni, soma mpaka mwisho. Na ninyi ndugu zangu mliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkaletwa huku Iowa na watoto wadogo, ambao leo wamekuwa vijana wa miraba minne, hii inawahusu zaidi. Wengi wetu tunakaa jukwaani tunapiga makofi bila kujua sheria za mchezo wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Jumamosi iliyopita nilienda kumwangalia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Chuo sikitaji. Kipindi cha pili, yuko mbele 4 kwa 3. Akajirusha kukamata mguu wa mwenzake, na mwenzake naye akawa anainama, goti likamkuta juu kidogo ya sikio. Nilikuwa safu ya tano na ule mlio niliusikia. Akaangukia bega. Akajiinua akabaki amepiga magoti, mkono mmoja mkekani, mwingine unapapasa hewani kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

Kocha wake ndiye aliyewahi kupaza sauti: "Bega! Ni bega!"

Kwa nini bega? Sikilizeni, hapa ndipo ubaya ulipo. Mechi ya chuo ni dakika 7: kipindi cha kwanza 3, cha pili 2, cha tatu 2. Mchezaji akiumia ana sekunde 90 kwa mechi nzima. Zikiisha hajawa tayari, amepoteza. Na hata akirudi kabla hazijaisha, mpinzani ndiye anayechagua waanzeje: juu, chini au wote wima. Kwa kawaida anachagua chini, anachomoka mikononi mwa aliye juu, anapata pointi moja. Kwa hiyo kuumia kuna bei, lakini ni bei inayolipika.

Kichwa ni habari nyingine. Mtu wa tiba akishuku mtikisiko wa ubongo, sheria inampa muda wote anaouhitaji, hakuna saa juu yake. Na akithibitisha, kijana harudi mkekani siku hiyo, hata alie machozi. Hiyo ni sheria nzuri na siipingi hata nukta moja. Lakini angalieni mlango wa kuingilia ulipo: lazima mtu ASHUKU kwanza. Asiposhuku mtu, sheria yote imelala. Kocha aliye kwenye kona anaijua hesabu hiyo kuliko mimi na wewe. Bega ni pointi moja, kichwa ni siku nzima.

Basi mtu wa tiba akaja na plasta zake mkononi, tayari ameshaambiwa ni bega. Akamzungusha mkono, akambonyeza hapa na pale, akamuuliza kitu. Na mpwa wangu akamjibu, namnukuu: "Naam, niko sawa, tuanze tu."

KWA KISWAHILI. Wakuu, huyu kijana yuko nchi hii tangu ana miaka kumi. Na wenzake, na walimu, hata na mimi akiwa na haraka, ni Kiingereza tupu. Kiswahili chenye "naam" ni cha kumjibu mama yake na bibi yake. Yule mtu wa tiba hakuelewa neno, ila aliona kichwa kinatikiswa kukubali, basi akaridhika. Mimi nikasimama napiga kelele, "Kichwa! Muangalieni kichwa!" Akaja mlinzi akaniambia nikae chini au nitoke nje.

Sekunde 52 zilitumika, zote kwenye bega. Mpinzani akachagua chini, akachomoka, 4 kwa 4. Muda mfupi baadaye mpwa wangu akaangushwa, na kuangusha siku hizi ni pointi 3, akapoteza 7 kwa 4. Saa mbili baadaye wakampandisha TENA mkekani, mechi ya waliopoteza.

Kuna maswali ya pembeni ya uwanja ambayo madaktari wa michezo wanayatumia miaka mingi. Tuko ukumbi gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kapata pointi ya mwisho? Hayamalizi hata dakika moja. Hakuna aliyemuuliza hata moja. Na hayo ni ya kuanzia tu: kipimo kamili wanachotumia wataalamu, SCAT6, maelekezo yake yenyewe yanasema hakiwezi kufanyika vizuri chini ya dakika 10 hadi 15. Sasa linganisha na sekunde 52 za kuzungusha mkono.

Usiku nikamchukua kwangu. Kwenye gari akaomba nizime taa ya dashibodi, inamuumiza macho. Akaniuliza, "Mjomba, mama kapiga?" Nikamwambia bado. Tumefika taa za barabarani, "Mjomba, mama kapiga?" Tunaingia getini, akauliza mara ya tatu, sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Saa sita akaanza kutapika. Nikakimbia naye hospitali. Wakampiga picha ya kichwa, ikatoka safi, na daktari akasema bila kusita: mtikisiko wa ubongo.

Jumapili nikamwandikia kocha. Jibu lake: "Nimesikia picha ni safi, Mungu mkubwa, tutamwona mazoezini." Nilitaka kuvunja simu. Ile picha inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Mtikisiko hauonekani humo! Unatambuliwa kwa kumuuliza mtu, kumsimamisha, kumtazama macho, kumpima kumbukumbu. Na wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa, kwa hiyo ile ya "mbona hakuzimia" nayo tuiache. Halafu mzazi asijidanganye na ile kofia wanayovaa: ni ya kulinda masikio yasivimbe yakakunjamana. Ubongo hailindi.

Hatari kubwa ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Kwa vijana ubongo unaweza kuvimba ghafla na mtu akafa. Ndiyo maana ile mechi ya pili inaninyima usingizi mpaka leo.

Sasa wapo wanaosema vijana "wanajifanya" wameumia kichwa ili wapumzike, eti kwa sababu muda hauna kikomo, kwa hiyo nako kuwekwe adhabu. Jamani! Kijana mwenyewe ndiye anayeficha! Anataka nafasi yake kwenye timu, anajua nyuma yake kuna mwingine wa uzito huohuo anaisubiri. Wapo hata wanaofanya vibaya kwa makusudi kile kipimo cha mwanzo wa msimu, ili siku wakiumia wasionekane wameshuka. Ukiongeza adhabu juu ya hapo umemfundisha kufunga mdomo kabisa.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Raga mchezaji akishukiwa anatolewa dakika 12, anakaguliwa pembeni, mwingine anaingia kwa muda. Mieleka haina wa kuingia, sawa, ni wawili tu mkekani. Basi ndiyo sababu zaidi ya kumweka daktari ambaye si wa timu yoyote, anakaa mezani, macho yake kwenye vichwa tu, na akinyanyua mkono mechi inasimama bila kumuuliza kocha wala mchezaji. Na kijana akikutwa mzima, aendelee pale alipoachia, mpinzani asipewe zawadi ya kuchagua.

Kamera pia zipo! Mechi iliyofuata, mkeka uleule, kocha mmoja alirusha kile kitofali chake laini cha kupinga uamuzi, refa akaenda kwenye skrini akarudisha picha mara nne kutazama kama kidole cha mguu kilikuwa ndani ya mstari. Kidole! Dakika kadhaa ukumbi mzima tumesubiri kidole. Picha za goti linavyompiga mpwa wangu zilikuwa kwenye mashine hiyohiyo, hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kuzitazama.

Mchezo huu unajua kubadilika ukibanwa. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili washuke uzito. Baada ya hapo ndipo suti za mpira na sauna zikapigwa marufuku na upimaji wa uzito ukapangwa upya. Watatu! Na tangu 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinataka kila chuo kiwe na mpango wa maandishi wa mtikisiko wa ubongo, na mchezaji anatia saini kwamba atasema akijisikia vibaya. Saini ya kijana wa miaka 19 ndiyo ngao yao. Kocha anasaini wapi kwamba hatapiga kelele "bega"?

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini anasema namdekeza, kwamba kwetu ngumi na mieleka ya mchangani watu walipigwa na wakapona. Mkuu, mimi nimekulia Kigoma, mieleka ya ufukweni nimecheza. Aliyeumia alikaa chini ya mti na hakuna aliyemwambia ana sekunde 90.

Leo ni Jumatano. Bado kichwa kinamuuma, amekaa chumbani, mapazia yamefungwa. Utaratibu wa kumrudisha mchezaji una hatua sita, kila hatua kwa kawaida si chini ya saa 24, na daktari lazima aidhinishe kabla hajagusana na mtu. Hesabu mwenyewe kama Jumamosi inafikika. Lakini orodha ya Jumamosi imetoka na jina lake lipo. Nimepiga simu ofisi ya michezo ya chuo mara tatu, wanasema muulize kocha. Dada yangu kapiga kutoka Kigoma asubuhi anauliza mwanawe anaendeleaje, nikamwambia ukweli wote.

Naomba aliyewahi kupambana na chuo kwa jambo hili aniambie barua anaandikiwa nani, na kama naweza kudai ile video ya mechi kabla haijafutwa. Jumamosi nitakuwa mlangoni mwa ukumbi saa moja asubuhi na barua ya daktari mkononi.