Taa za rivasi haziwaki: nibadili balbu, swichi, au nivute waya mpya?

Msafiri77
Wakuu, habari zenu. Taa za rivasi za gari langu zimegoma na nataka kuzitengeneza mwenyewe nyumbani. Nina njia tatu kichwani. Kwanza, niweke balbu za LED nitupe hizi za zamani. Pili, ninunue swichi mpya ya rivasi, ile ya kwenye gia boksi inayowasha taa gia ya rivasi ikiingia. Tatu, nivute waya mpya kutoka kwenye betri hadi nyuma, nifunge kitufe kwenye dashibodi niwe naziwasha mwenyewe. Ipi bora? Nataka kununua vifaa mwisho wa wiki hii.

Mama Spana
Mleta mada, hujasema ni gari gani, gia za mkono au otomatiki, wala kama zimezima zote au moja. Fyuzi umeiangalia? Bila hayo kila mtu atakushauri kuhusu gari lake yeye.

Kitasa
Weka LED, umalize kazi. Mimi niliweka na usiku naona hadi kokoto nikirudi nyuma. Hazipati moto sana, hazili umeme, na zinadumu.

Nyaya Nyeusi
Kitasa, unampa dawa kabla ya vipimo. Balbu mbili kuungua kwa pamoja ni nadra sana. Zikizima zote, kosa lipo kwenye kitu zinachotumia pamoja: fyuzi, swichi, waya mkuu au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi). Ikizima moja tu, hapo ndipo unaanza na balbu na soketi yake.

Msafiri77
Ni gia za mkono. Zimezima zote, nadhani. Ya kulia nina uhakika ilikuwa inawaka. Ya kushoto sikumbuki kama niliwahi kuiona ikiwaka.

Mama Spana
Hiyo ya kushoto ifungue uone kama kweli ni ya rivasi. Magari mengi yana taa moja tu nyeupe ya rivasi, na upande wa pili, mahali pale pale, kuna taa nyekundu ya ukungu. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu taa za magari, inadai taa moja tu kwa gari dogo la abiria, ya pili ni hiari. Usije ukawinda hitilafu upande ambao haukuwahi kuwa na taa. Na kama kweli uliyonayo ni moja, basi balbu inarudi kuwa mshukiwa wa kwanza.

Dereva Mkongwe
Njia ya tatu iache kabisa, na nakueleza kwa nini. Nilinunua gari lililotumika ambalo fundi fulani alikuwa amelifungia kitufe cha taa za rivasi chini ya usukani. Waya ulitoka kwenye betri bila fyuzi, ukapita kwenye tundu la bati lisilo na raba, ukatambaa chini ya kapeti hadi kwenye buti. Usiku mmoja niko barabara kuu, dereva wa nyuma ananimulikia mfululizo. Nikampisha, akanipita huku akipiga honi. Niliposimama na kushuka nikakuta taa nyeupe zinawaka nyuma, maana kile kitufe kilikuwa kimekaa pale pale goti linapopita. Kava la taa lilikuwa limeanza kujikunja kwa joto, kwa sababu taa ile imeundwa kuwaka kwa muda mfupi, si safari nzima. Kesho yake nikainua kapeti. Ukingo wa bati ulikuwa umesugua waya hadi shaba inaonekana, na kapeti limeungua alama nyeusi. Waya usio na fyuzi ukigusa bodi, betri inaweza kumwaga ampea mamia hapo hapo, na gari likaungua lote. Nililing'oa lile pambo lote siku hiyo hiyo. Sababu yenyewe ya kulifunga ilikuwa swichi ya kwenye gia boksi iliyokufa, basi.

Nyaya Nyeusi
Na ile kanuni namba 48 aliyoitaja Mama Spana inataka taa ya rivasi iwake gia ya rivasi ikiwa imeingia tu. Taa nyeupe nyuma inamwambia mwenzako kwamba unamrudia. Usimdanganye.

Msafiri, kipimo ni hiki. Egesha pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, ingiza rivasi. Tafuta swichi kwenye gia boksi, chomoa soketi yake, unganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu, nunua. Zisipowaka, usinunue swichi. Nyaya zikiwa zaidi ya mbili usiunganishe kwa kubahatisha, tafuta mchoro wa gari lako. Na kama lazima uingie chini, gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake.

Mama Spana
Niongeze: ukifungua swichi, tega chombo. Kwenye baadhi ya gia boksi oili inatoka. Na kama taa zako zipo kwenye mlango wa buti, kagua nyaya ndani ya bomba la raba pale kwenye bawaba. Zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa, na hukatikia mule mule ambamo huoni.

Kitasa
Bado nasema LED. Hata kama swichi ni mbovu, akishaifungua aweke LED papo hapo.

Nyaya Nyeusi
Hiyo ya "hazili umeme" haina uzito hapa. Balbu ya P21W, aina ya kawaida kwenye taa za rivasi, ni wati 21, chini ya ampea mbili, kwa sekunde chache. Kioo cha ndani cha taa kimepimwa kwa waya mmoja mdogo unaong'aa katikati, ukiweka LED mwanga unaweza kutawanyika ovyo. Na magari yanayochunguza balbu yanaweza kuleta onyo kwenye dashibodi.

Kitasa
Yangu haijaleta onyo lolote.

Dereva Mkongwe
LED za W16W (aina ndogo ya kuchomeka) zina chanya na hasi. Ikigoma, igeuze kabla ya kuilaumu.

Msafiri77
Nimefungua. Ya kushoto ni nyekundu kweli! Soketi ya kulia ina kutu ya kijani. Balbu naona nzima, fyuzi naona nzima. Multimita (kipima umeme) inasoma volti 12.4 kwenye soketi, balbu ikiwa imetolewa.

Mama Spana
Multimita inadanganya hapo. Waya uliobaki na uzi mmoja utasoma volti kamili, ila balbu ikidai umeme volti zinaanguka. Tumia testa ya balbu, ile yenye taa ndogo inayowaka ikipata umeme.

Nyaya Nyeusi
Haidanganyi, ila ipime balbu ikiwa imechomekwa. Multimita yenyewe ni bora kuliko testa.

Mama Spana
Kwa mtu wa nyumbani testa inatosha. Msafiri, hizo volti umepima kwa ethi ya soketi au kwa bodi?

Bwana Redio
Samahani kuingilia. Mimi nikiingiza rivasi kamera inawaka ila taa hazifanyi kitu. Ni swichi?

Dereva Mkongwe
Kama kamera inaamshwa na waya wa rivasi, swichi na fyuzi vinafanya kazi. Tafuta kuanzia hapo kwenda nyuma. Huo waya wa kuiamsha umeungwa wapi, kwenye taa au nyuma ya redio?

Bwana Redio
Sijui, gari nililikuta limeshafungwa. Kufungua redio kunahitaji kifaa maalumu?