Naomba ushauri: besi inavuma chumbani, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Nina amplifaya ya stirio na spika mbili za kusimama sakafuni, chumba kina urefu wa mita 4. Besi inavuma mno nikikaa kwenye kochi, ambalo limegusa ukuta wa nyuma. Nikisimama katikati ya chumba, mvumo huo karibu unapotea kabisa! Kwa hesabu yangu, urefu huo hukuza mlio wa karibu hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde, yaani besi nzito), kwa hiyo nadhani tatizo ni chumba, si spika.

Nimeshazitoa spika kwenye kona, sasa ziko sentimita 60 mbele ya ukuta. Tofauti niliisikia papo hapo: sauti ya mwimbaji inakaa katikati, kitu ambacho sikuwahi kukipata. Zulia nene limepunguza ukali wa sauti nyembamba, ila besi haikuguswa.

Sasa nifanye lipi kwanza: nisogeze kochi mbele, niweke vifyonza besi (vipande vinene vya kumeza mvumo) kwenye kona, au ninunue kifaa cha kusawazisha masafa ya sauti (ikwalaiza)? Waya za bei mbaya sizifikirii, nilizonazo ni nene na fupi, zinatosha. Aliyewahi kupambana na mvumo wa namna hii anisaidie tafadhali.