Kichwa cha mdeki (ufito wa kusukumia na kusafishia mtutu) wa gobore: kipimo gani?

MtuWaMkomani: Asalaam aleikum. Gobore ni la fataki (kikofia kidogo cha kuwashia baruti), lina kibali, mtindo wa bunduki ya Kiingereza Enfield ya 1853, upana wa tundu la mtutu inchi 0.577. Kichwa cha kusafishia kikivikwa flaneli hukwama katikati. Nikitia kipande cha shuka kuukuu, mdeki hurudi mtupu, kitambaa kimebaki chini. Nibadilishe kichwa au kitambaa?

FundiKereza_Malindi: Waleikum salaam. 0.577 ni milimita 14.66, ila mtutu mkuukuu hauaminiki kwa namba. Pima mdomoni, kwenye matuta yaliyo kati ya mifereji ya ndani ya mtutu, si ndani ya mifereji yenyewe.

Kisha: kichwa, jumlisha unene wa kitambaa mara mbili, vizidi mtutu kwa milimita 0.1 hadi 0.2. Dalili zako zanambia kichwa ni kama 14.0. Flaneli ya 0.5 inafika 15.0, lazima ikwame. Shuka ya 0.25 inafika 14.5, inapwaya. Tafuta fulana ya pamba ya 0.4: jumla 14.8. Usikereze kichwa kipya kwanza.

Ukija kukereza, iwe shaba ya manjano, chuma kitakwaruza. Pete zake ziwe na kingo, ndizo zinazokunja kitambaa na kukirudisha. Vichwa vingi vya dukani vimelainishwa mno, havishiki kitu.

BarutiShela: Nakubali, ila katikati pia hukwama kwa masizi yaliyokauka. Kitambaa cha kwanza kiloweke maji moto na sabuni, kata sentimita 5 kwa 5, ukishushe kwa hatua fupifupi. Usitie mafuta ya injini kabla masizi hayajatoka, yatageuka lami. Na kwa hewa ya Lamu usilaze kazi hadi kesho: chumvi za baruti nyeusi huvuta unyevu, kutu huanza siku ile ile. Maji moto, kausha kabisa, ndipo mafuta.

Kabla ya yote, ingiza mdeki mpaka chini, utie alama mdomoni, kisha uulaze nje ya mtutu, alama ikiwa mdomoni. Usipofika karibu na tundu la fataki, mna kitu ndani, pengine baruti.

MtuWaMkomani: Kilichobaki chini je?

BarutiShela: Kama una hakika hamna baruti, mimina maji moto, kisha parafujo ya kuvutia nguo kwenye ncha ya mdeki, zungusha, vuta taratibu. Usikifyatue kwa fataki.

FundiKereza_Malindi: Mdeki ukiwa wa mti, kagua ncha ya shaba kwanza. Iwe imepigwa pini ya kukingama. Ya gundi tupu itabaki huko huko na kitambaa chake.